Shajara ya mradi: maneno ya ikolojia, kutoka chini ya mti wa mkungu hadi mikokoni Kunduchi

Ninafundisha biolojia sekondari, upande wa Tegeta, Dar es Salaam. Shajara hii ni ya klabu yetu ya wanafunzi 24 wa kidato cha pili. Lengo letu ni moja: kila neno la msingi la ikolojia mwanafunzi alione, alishike au alihesabu kwanza, ndipo aliandike. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi nimewaona watoto wakikariri maana bila neno lenyewe kugusa kitu chochote wanachokijua. Kwa hiyo klabuni tunafanya kazi kwa Kiswahili, na daftari la kila mmoja lina safu tatu: neno, mahali tulipoliona, na kosa tulilolifanya. Safu ya tatu ndiyo imetufundisha zaidi. Naandika gharama zote ili mwalimu mwenzangu akitaka kuiga ajue anaingia wapi.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nilianza na swali moja ubaoni: mazingira ni nini? Nilidhani ni swali la kupasha moto. Karatasi 19 kati ya 24 zilijibu kwa usafi: kufagia, kuokota chupa, kuchoma taka, kutotupa maganda ovyo. Sikuwalaumu. Tangu darasa la kwanza neno hilo wamelisikia asubuhi, wakiwa na fagio mkononi: "Nendeni mkafanye mazingira."

Nikawauliza, kaa wa topeni ana mazingira? Kimya. Mmoja akasema ana mazingira machafu. Hapo nikajua mradi unaanzia wapi. Tulikubaliana tuandike hivi: mazingira ya kiumbe ni vyote vinavyokizunguka na kugusa maisha yake, vyenye uhai na visivyo na uhai. Kwa kaa, tope ni mazingira, chumvi ni mazingira, kupwa na kujaa kwa maji ni mazingira, na ndege yangeyange anayemvizia ni mazingira pia.

Neno la pili lililotukwamisha ni lile la Kiingereza, "population", tunalolitafsiri "idadi ya watu". Kwa watoto lilikuwa na maana ya sensa. Katika ikolojia ni viumbe wote wa spishi moja, yaani aina moja, wanaoishi mahali pamoja kwa wakati mmoja, na hao watu hawamo kabisa kama tunahesabu tondo, konokono wa topeni. Tuliandika "kundi la spishi". Makundi ya spishi mbalimbali yanayoishi pamoja ni "jumuiya". Jumuiya ikichukuliwa pamoja na udongo, maji, joto na mwanga wake ni "mfumo ikolojia". Neno la ikolojia lenyewe lilitungwa na Mjerumani Ernst Haeckel mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. La mfumo ikolojia lilikuja baadaye sana, mwaka 1935, kwa kalamu ya Mwingereza Arthur Tansley. Watoto walipenda hilo la nyumba, na tangu siku hiyo kila kiumbe wanakiuliza: nyumba yako wapi, na unakaa na nani?

Gharama leo: hakuna.

Jumamosi, 12 Julai

Kazi mbili leo.

Ya kwanza, mifuko ya majani. Tulitaka kuona uozaji kwa macho. Tulikusanya majani ya mkungu yaliyoanguka, yale makubwa yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka, tukayapima gramu 20 kila fungu na kushona mifuko 12 kwa chandarua chakavu alichokileta mwanafunzi mmoja. Mifuko sita tuliilaza chini ya mkungu, sita karibu na bomba la maji ambako udongo hauna ukavu. Mizani ya jikoni ya kidijitali tulinunua kwa shilingi 25,000.

Ya pili, mimi na mwalimu mwenzangu tulikwenda kuikagua mikoko ya Kunduchi. Mikoko yote ya bara ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), hauingii na watoto kama unavyoingia sokoni. Omba ruhusa mapema, na pitia serikali ya mtaa ili wakazi wajue ninyi ni nani. Tulifika saa nne na nusu, maji yametoka mbali, tope limelala wazi, kaa kila mahali. Nikaandika kwenye daftari: Jumamosi, saa nne na nusu, pazuri. Andiko hilo lilitugharimu wiki nzima.

Tulitengeneza pia fremu ya mraba ya mita moja kwa mbao, ndiyo kwadrati yetu ya kuhesabia. Fundi alichukua 9,000 pamoja na mbao.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tulitoka kapa.

Asubuhi kituoni, konda wa daladala ya kwanza alipoona sare 24 za nauli ya mwanafunzi alipiga bati gari likaondoka. La pili likachukua sita. Tulifika kwa mafungu manne, na fungu la mwisho lilishuka Mtongani saa nne kasoro. Tulipofika mikokoni hapakuwa na tope. Maji yalikuwa yamejaa kati ya miti, yametulia, na mizizi ya mikoko imezama. Fremu ya mbao tuliyojivunia ilielea na kuzunguka.

Mzee mmoja alikuwa anashona wavu kando ya ngalawa. Watoto wakamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mwalimu, mmekuja kufanya nini saa hizi?"

"Tumekuja kuhesabu kaa, mzee. Wiki iliyopita saa kama hii palikuwa pakavu."

"Wiki iliyopita ilikuwa bamvua. Leo maji mafu. Asubuhi yamejaa, yatatoka alasiri, na hata yakitoka hayatoki sana. Rudi mwezi ukiandama."

Haya yote nimeyasoma shuleni, na sikuyaunganisha na safari yangu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku saba uchelewaji huo unakaribia saa sita, yaani saa ile ile uliyokuta kupwa wiki iliyopita sasa utakuta kujaa. Baada ya siku kumi na nne mambo yanarudi yalivyokuwa. Na bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mvuto wa jua na wa mwezi huwa umepangana mstari mmoja. Hapa kwetu pwani, kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa tano. Kwa hiyo kanuni yetu sasa ni hii: safari ni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na kabla ya kutangaza tunaangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha tunamuuliza mvuvi.

Siku haikupotea yote. Tulikaa kivulini, mzee akatutajia miti kwa majina yake: mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana. Kabla ya hapo watoto wote, na mimi nusu, tulikuwa tunaita kila mti "mkoko". Hapo neno "spishi" tukaliona kwa macho kwa mara ya kwanza, na safu ya pili ikajazwa kwa vidole: ule wenye mizizi ya kukunja magoti kama buibui ni mkoko, ule wenye vijiti vilivyosimama topeni kama penseli ni mchu, ule ulioko mbele kabisa baharini ni mlilana.

Gharama: nauli 12,000. Fremu ya mbao tumeiacha.

Jumamosi, 26 Julai

Mwezi uliandama juzi. Safari hii tulikodi kosta kwa 100,000. Wazazi walichangia 4,000 kila mmoja, 4,000 zilizobaki nikaongeza. Tulifika saa tatu na nusu maji yakiwa bado yanatoka, na tukaweka sharti la kutoka saa sita kamili hata kama kazi haijaisha.

Fremu mpya: bomba la plastiki la nusu inchi. Bomba moja la mita sita linatoa fremu moja ya mita moja na nyingine ya nusu mita, bila kubakiza. Tulinunua mabomba mawili kwa 14,000 na elbo 16 kwa 8,000. Toboa matundu kadhaa kwa msumari wa moto ili maji yaingie ndani. Bomba lililojaa maji linazama, lililojaa hewa linaelea kama mbao.

Kabla ya kuhesabu chochote, nilimpa kila mmoja jani la mchu alilambe upande wa chini. Nyuso zao zilibadilika. Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia vitundu vya majani yake; ukiligeuza jani juani unaona punje nyeupe zinametameta, na ukipitisha kidole zinatoka kama unga. Mkoko hautoi chumvi kwenye jani lake, kwa sababu wenyewe huizuia nyingi tangu mizizini. Miti miwili, mahali pamoja, taabu moja, na kila mmoja una njia yake. Nilikuwa na sentensi nzima ya kitabu kuhusu jinsi viumbe wanavyoumbika kuendana na mahali wanapoishi. Sikuihitaji.

Kisha kuhesabu. Tulipima eneo la mita 20 kwa 20, yaani miraba 400 ya mita moja, tukarusha fremu mara kumi na kuhesabu miche ya mchu ndani yake. Jumla ikaja 386. Wastani 38.6 kwa mraba. Zidisha kwa 400, miche 15,440. Niliandika namba hiyo kwenye daftari langu bila kusita.

Mwanafunzi mmoja wa kike ndiye aliyesita. Alikuwa amechuchumaa, akauliza mbona miche haina majani. Akafukua kwa vidole kuzunguka "mche" mmoja, akakuta hauna mizizi yake, umesimama juu ya mzizi mnene uliolala. Akaufuata mzizi ule topeni kwa mkono, kijiti kwa kijiti, vyote vimepangana mstari mmoja, hatua tano, sita, mpaka shina la mchu mkubwa. Vile vijiti vilikuwa mizizi ya kupumulia. Tope la mikokoni halina hewa, ndiyo maana mchu husimamisha mizizi yake juu. Tulikuwa tumehesabu pua za miti michache tukaziita watoto wake.

Kosa hili nimeliandika kwa wino mwekundu kwa sababu linagusa maana ya kundi la spishi: unahesabu viumbe, kila kimoja mara moja. Kabla ya kuhesabu, kubalianeni kimoja ni kipi. Mche wa mchu una majani; kijiti hakina. Kwa kaa nako tulijikwaa hapo hapo. Kundi moja liliandika kaa 112, nikagundua wamehesabu mashimo. Shimo linaweza kuwa tupu, na kaa mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja. Sasa tunaandika "mashimo" kama tumehesabu mashimo. Ukitaka kaa wenyewe, kaa kimya dakika kumi bila kusogea. Wanarudi wenyewe, wale wadogo wenye gando moja kubwa wakianza kulipunga.

Mtoto mmoja alikatwa mguu na chaza walioshika kwenye mzizi. Jeraha dogo, lakini alikuwa amevaa ndala, na ndala nyingine mbili zilimezwa na tope. Viatu vya kufunika mguu, raba chakavu, ni sharti. Dawa ya kidonda, pamba na bandeji 6,500.

Alhamisi, 31 Julai

Darasani. Nilitaka wachore mnyororo wa chakula wa mikokoni. Karibu wote walichora mshale kutoka kwa mlaji kwenda kwa anayeliwa: yangeyange, mshale, kaa, mshale, jani. Nilisahihisha, wakafuta, wakarudia kosa lile lile kwenye mfano wa pili.

Nililala nikilifikiria. Tatizo liko kwenye sentensi wanayoisema kichwani. Mtoto husoma "yangeyange anamla kaa", na mshale wake unafuata mdomo wa sentensi. Nikabadilisha sentensi: sasa kila mshale husomwa "analiwa na". Jani linaliwa na kaa, kaa analiwa na yangeyange. Mshale unaonyesha chakula kinakwenda tumbo la nani. Makosa yaliisha siku hiyo hiyo. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukua hicho.

Tulipopanua mnyororo kuwa utando, tulitumia kamba na kadi, kila mtoto kiumbe mmoja. Zoezi hili walimu wengi wanalijua. Nililoongeza ni tondo, yule konokono mrefu wa topeni. Tondo wakubwa hula majani ya mikoko yaliyoanguka, na kaa wengine huyaburuta majani hayo hadi mashimoni mwao. Kadi za majani zikashikwa na mikono mingi, watoto wakaona kwamba sehemu kubwa ya chakula cha mikokoni haianzii kwenye jani bichi mtini. Inaanzia kwenye jani lililokwisha dondoka.

Neno gumu la siku lilikuwa lile la kazi ya kiumbe mahali pake. Tumelipa jina "nafasi ya kiikolojia". Nilitumia kituo cha daladala: dereva, konda, mpiga debe, mama lishe na muuza maji wote wanakula kituo kimoja, lakini kila mmoja anakula kwa njia yake, ndiyo maana wanaenea. Kituo ni makazi. Namna ya kujipatia riziki hapo ni nafasi. Wakija mama lishe wawili wenye chakula kile kile, bei ile ile, saa ile ile na pembe ile ile, mmoja atahama au atabadili kitu. Mrusi Georgii Gause aliliona jambo hilo kwa viumbe vidogo vya majini vilivyomo kwenye chupa, akaliandika mwaka 1934.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kufungua mifuko ya majani. Chini ya mkungu hapakuwa na kitu, ni ardhi iliyofagiliwa ikabaki na mistari ya fagio.

Nilimfuata mzee wetu wa usafi. Tuliamkiana, nikamuuliza.

"Mwalimu, nilikuta takataka zimefungwa kwenye neti. Nikajua watoto wamecheza. Nimezichoma Ijumaa."

Hakukosea. Alifanya mazingira, kama sisi wenyewe tulivyomwambia siku zote. Nilimwomba aje klabuni mchana, nikampa kiti mbele, watoto wakamweleza wenyewe kwamba majani yale ndiyo chakula cha udongo, kwamba mkungu unakula kupitia kwa waozeshaji, na kwamba tunapochoma majani kila wiki tunaunyima mti rutuba iliyokuwa inarudi kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na nyoka je?" Swali la haki kabisa. Tulikubaliana: njia na mbele ya madarasa zinafagiliwa kama kawaida, majani ya mkungu yanalundikwa ndani ya duara la mawe, hatua tatu kutoka shinani, mahali panapoonekana. Chupa na plastiki hazina msamaha. Kosa lilikuwa langu: niliweka jaribio kwenye eneo la kazi ya mtu bila kumwambia.

Mifuko sita ya karibu na bomba ilikuwepo. Niliipima mbele ya watoto na wastani ukatoka gramu 31. Majani yaliyokuwa gramu 20 yameongezeka! Bila shaka yalikuwa yamelowa. Zaidi ya hapo, hata zile gramu 20 za mwanzo nilizipima bila kuyakausha sawasawa, kwa hiyo kianzio chenyewe hakikuwa imara. Dawa yake: anika majani juani siku tatu, pima, anika tena siku moja, pima tena; uzito usipobadilika ndipo uandike. Fanya hivyo mwanzo na mwisho.

Alhamisi, 7 Agosti

Baada ya kuyakausha, wastani ukawa gramu 19. Wiki zaidi ya tatu kwenye udongo wenye unyevu, na majani karibu yote yapo. Tulipoipekua mifuko kwa makini tuliona sisimizi wamekufa kwenye nyuzi za nje. Ndani hapakuwa na jongoo wala mdudu yeyote.

Chandarua kilikuwa cha dawa. Tulitaka kuwaona wadudu wakila majani, tukawawekea mlango wenye sumu. Ninawaomba walimu mlitilie hili maanani, maana chandarua chakavu ndicho kitambaa cha bure kinachopatikana kila nyumba. Na kisipelekwe kabisa mikokoni au mtoni: dawa hiyo huua samaki na kaa.

Jaribio la pili tumelipanga vizuri zaidi. Mifuko 12 mipya, yote mahali pamoja karibu na bomba, yote gramu 20 za majani makavu. Minne ni ya gunia la wavu la vitunguu, matundu makubwa (magunia manne, 2,000). Minne ni ya kitambaa cha neti ya pazia kisicho na dawa, matundu madogo (4,000). Minne ni ya chandarua kile kile. Kundi la kati ni wazo la mwanafunzi. Alisema tukilinganisha gunia na chandarua peke yake, hatutajua kama tofauti imetokana na dawa au imetokana na ukubwa wa matundu. Alikuwa sahihi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwezi mpevu, kupwa nzuri. Tulikwenda 14 tu, kwa Hiace ya 60,000, kurudia hesabu ya miche.

Kosa lililobaki kutoka safari ya 26 Julai lilikuwa kurusha fremu. Nilisimama pembeni nikamtazama mtoto anarusha: jicho linaangalia penye vitu vingi, mkono unafuata. Hata ukimfunga macho, anarusha karibu na alipo. Safari hii tulifunga kamba zenye alama za mita pande mbili za eneo, tukaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kofia. Unachomoa karatasi moja kwa upande wa kwanza, unairudisha, unachomoa nyingine kwa upande wa pili, na fremu inalazwa hapo hata kama ni dimbwi tupu. Watoto walinung'unika kulaza fremu penye tope tupu. Lakini sifuri nayo ni kipimo, na ukiikwepa unaidanganya hesabu yote.

Fremu kumi, miche saba yenye majani. Wastani 0.7, mara 400, ni miche 280 hivi. Kutoka 15,440 hadi 280, eneo lile lile, ndani ya siku kumi na nne. Fremu kumi bado ni chache. Tukipata muda tutalaza thelathini. Vikaratasi, kamba na riboni 3,000.

Jumatano, 20 Agosti

Nishati. Lita moja ya maji ni mzalishaji, yaani majani. Mlaji wa kwanza anapata mililita 100, wa pili 10, wa tatu 1, tuliyoitoa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mmarekani Raymond Lindeman aliandika kuhusu mtiririko huu mwaka 1942, na asilimia kumi ni makadirio ya jumla. Mahali pengine ni pungufu, pengine ni zaidi. Kosa langu lilikuwa kuzimwaga zile 900 chini, watoto wakaelewa kwamba nishati imepotea. Somo la pili nilizimimina kwenye ndoo tatu zenye maandishi: joto la kupumua, kinyesi, na sehemu zisizoliwa. Ndoo ya kinyesi na ya visivyoliwa zikaelekea kwa waozeshaji, na watoto wakakumbuka mkungu bila mimi kuutaja.

Mchana tulihesabu kunguru jalalani. Weusi wenye shingo ya kijivu 43, wale wa kifua cheupe hata mmoja. Wengi hawakujua kwamba yule wa kifua cheupe ndiye mwenyeji. Mwenzake aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akaenea hadi bara, na huku anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Neno "spishi vamizi" liliingia daftarini pale pale jalalani, na mtoto mmoja akaandika kwenye safu ya tatu: "Nilidhani kunguru wote ni wa hapa."

Jumatano, 17 Septemba

Mifuko ya 7 Agosti, baada ya siku 41, imeanikwa na kupimwa mara mbili. Wastani: gunia la vitunguu gramu 13, neti isiyo na dawa 16, chandarua cha dawa 18. Mifuko minne kwa kila aina ni michache, kwa hiyo sisemi zaidi ya hili: matundu yana nguvu yake na dawa ina nguvu yake. Ndani ya gunia tulikuta jongoo wawili, mchwa, na majani yamebaki mishipa mitupu kama wavu. Ndani ya chandarua majani yalikuwa mazima lakini yana madoa meupe ya kuvu. Hapo tukatenganisha kazi mbili ambazo mwanzoni niliziita jina moja: jongoo na mchwa hukatakata, kuvu na bakteria ndio huozesha. Dawa iliwazuia wa kwanza, haikuwazuia wa pili.

Nimerudisha swali la 9 Julai. Karatasi tatu kati ya 24 bado zimesema usafi peke yake. Hao watatu hawakwenda safari ya 9 Agosti, wala hawakuwepo siku mzee alipokuja klabuni. Nitakaa nao chini ya mkungu wiki hii.

Jumla ya matumizi ni 243,500. Humo 21,000 ni za fremu ya mbao na safari ya maji mafu, mwenzangu usizirudie. Asiye na mikoko karibu anaweza kufanya kila kitu uani kwa 53,000: mabomba na elbo, mizani, magunia na neti.

Duara la mawe limejaa. Mzee ameanza kuleta majani ya mwembe wa upande wa jikoni bila kuombwa, na jana alimwita mwanafunzi aje aone jongoo. Mwezi unaandama 21 Septemba, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 20 tunarudi Kunduchi kulaza fremu mara thelathini. Miche saba ya mwanzo tuliifungia riboni. Tutaangalia ni mingapi bado imesimama.